Madam Hildegarda na Vigawo 4,792

Ijumaa ya tarehe 30 Mei 2025, Mwalimu Hildegarda Mkude wa Shule ya Sekondari Reli Juu, Kilosa, alitimiza umri wa miaka sitini na kustaafu kwa mujibu wa sheria, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne, miezi kumi na siku thelathini. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilisema "takriban miaka thelathini na mitano". Mwenyewe aliomba kuisoma, akalizungushia neno "takriban" wino mwekundu, akairudisha. Tangu siku hiyo kamati ya sherehe imejifunza kuhesabu.

Kamati hiyohiyo imemtaka mwandishi, ambaye ni mwalimu wa Kiswahili shuleni hapo, aandike kwa nafsi ya tatu, asizidishe kurasa nne, na asilete mzaha mbele ya wazee wa Mikumi watakaosomewa maneno haya Jumapili nyumbani kwa mstaafu. Mwandishi atajitahidi. Sharti la kurasa analiweza. Hayo mengine mawili tutaona mbele ya safari.

Mwalimu Hildegarda, ambaye wanafunzi na walimu wote humwita Madam, alizaliwa Mikumi na kuanza kazi hukohuko Mikumi, tarehe 1 Julai 1990, katika shule iliyopakana na hifadhi. Alikuta walimu wenzake wameshashindwa na kisingizio kimoja tu cha uchelewaji, nacho ni tembo. Mwanafunzi akifika saa tatu, alizuiwa na tembo. Akifika saa nne, walikuwa tembo wawili na mtoto wao. Walimu walikubali, kwa sababu tembo kweli walikuwepo na hakuna aliyetaka kwenda kuwauliza. Madam alikwenda. Alipanda baiskeli hadi mahali palipotajwa, akakagua kinyesi kama ni cha leo au cha juzi, akarudi na majibu kabla ya kipindi cha pili. Muhula haukuisha tembo wakawa hawaonekani tena, angalau katika njia ya kwenda shule ile.

Hiyo ndiyo tabia yake, na sote tuliofanya naye kazi tumeionja. Ukimwambia jambo lolote, liwe la ofisini au la sokoni, swali lake ni moja: "Nani kahakiki?" Kwenye harusi ya mwalimu mwenzetu mshereheshaji alitangaza kwamba ukumbi una wageni mia nne. Madam aliinuka, akapita kati ya viti na sahani yake ya pilau mkononi, akarudi kukaa. Walikuwa 263, pamoja na mpiga picha. Mshereheshaji alirekebisha tangazo lake, na bibi harusi hajamsamehe mpaka leo.

Sasa tuingie kwenye Namba.

Alipokuwa chuo cha ualimu, Madam alisoma katika kitabu cha maktaba sentensi moja fupi iliyosema kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa. Kwa wazee wetu ambao hesabu waliiacha darasa la saba: namba tasa ni ile isiyogawanyika kwa namba yoyote isipokuwa moja na yenyewe. Nane si tasa, kwa kuwa watu wanne wakigawana maembe manane kila mmoja anapata mawili na hakuna anayenuna. Saba ni tasa. Maembe saba mkigawana watu wawili, watatu, hata sita, litabaki walau moja la kugombea. Namba aliyoisoma Madam ina tarakimu kumi, na inapatikana kwa kuandika mbili mara thelathini na moja, kuzizidisha zote, kisha kutoa moja. Kitabu kilisema ni tasa, kikafunga mlango. Hakikuonyesha hesabu. Madam alikaa na sentensi ile kama mtu aliyeambiwa kwamba ndugu yake yuko mjini bila kuambiwa mtaa.

Akaanza kazi. Ili kujua kama Namba ni tasa, si lazima kuigawa kwa kila kitu. Inatosha kuigawa kwa namba tasa peke yake, na inatosha kuishia kwenye kipeuo chake cha pili, ambacho ni 46,340 na kidogo. Kama Namba ingekuwa zao la namba mbili, haiwezekani zote mbili ziwe kubwa kuliko hapo, maana zikizidishwa zingeipita. Kuanzia mbili hadi 46,340 kuna namba tasa 4,792. Madam alizichambua mwenyewe, likizo baada ya likizo, juu ya karatasi za kaki, mama yake mzazi, Bibi Devota, akiamini kwamba binti yake anaandika barua ndefu kwa mchumba.

Januari 1998 alihamishiwa Reli Juu akiwa na orodha yake ya vigawo 4,792 na hakuna hata kimoja alichokijaribu. Hapa Kilosa kisingizio hakikuwa tembo tena, kilikuwa treni. Kila mtu alichelewa kwa sababu behewa lilisimama njiani. Mkuu wa shule wa wakati huo alikuwa amechoka na fimbo, akamwomba mwalimu mpya wa hesabu abuni adhabu isiyoumiza mwili. Madam alimjibu kwamba anayo.

Kanuni yake ilikuwa hivi. Kila siku ya masomo, mtu wa mwisho kuingia kabla geti halijafungwa, kwa kawaida saa moja na nusu, awe nani awaye, anapewa kigawo kimoja. Anaigawa Namba kwa kigawo hicho, kwa mkono, kwenye ubao mdogo uliopigiliwa ukutani mwa kibanda cha mlinzi. Aliyeingia kabla yake anafanya hesabu ileile upande wa pili wa kibanda, kwenye karatasi yake, ili wasitazamane. Baki zao zikifanana, baki inaandikwa katika kaunta buku, na Madam anatia saini pembeni: Nimehakiki. Mlinzi wetu, Mzee Mwinshehe, alikabidhiwa kazi ya kumtangaza mtu. Kila asubuhi kwa miaka ishirini na saba amesimama pale na kusema kwa sauti inayofika relini: "Wa mwisho ni fulani!" Baki ya sifuri peke yake ndiyo ingeiangusha Namba. Baki nyingine yoyote ilikuwa salama.

Siku ya thelathini tu Namba nusura ianguke. Kigawo kilikuwa 113, na wa mwisho alikuwa Fortunatus wa kidato cha pili, ambaye aliandika jibu lake kwa herufi kubwa: 1,900,428, baki sifuri. Mhakiki wake alikuwa amechungulia na kunakili. Shule ilisimama. Madam, kwa ushahidi wa Mzee Mwinshehe, alikaa chini juu ya tofali na kuomba maji. Ilichukua vipindi viwili kugundua kwamba Fortunatus alikuwa ameisahau saba ya mwisho, akagawa 214,748,364 badala ya Namba yenyewe, na hiyo iliyobaki kweli inagawanyika kwa 113 bila hata punje. Fortunatus leo ana duka la vipuri vya baiskeli kule Ulaya, ile ya hapahapa wilayani Kilosa. Namba ya simu kwenye bango lake ina saba mbili, zote kazipaka rangi nyekundu.

Mwaka 2004 mkaguzi kutoka wilayani aliwahi mapema ili atukamate tumechelewa, akawa yeye ndiye wa mwisho kupita. Mzee Mwinshehe hakuangalia suti. Mkaguzi aligawa, akakosea, akagawa tena, na katika ripoti yake alisifu shule kwa ushirikishwaji wa wageni. Maji yalipojaa Kilosa mwanzoni mwa 2010, Madam alionekana akivuka na mzigo kichwani, na majirani waliofikiri ameokoa godoro walikuta ni makaunta buku yaliyofungwa kwa nailoni. Godoro lilikwenda na maji. Shule zilipofungwa mwaka 2020, Namba nayo ilikaa nyumbani miezi ile yote.

Mwaka 2019 tulimpata Mwalimu Elia, kijana wa hesabu mwenye shahada na simu nzuri. Wiki ya kwanza alimwonyesha Madam kwamba simu inajibu mara moja kuwa Namba ni tasa. Madam alisema, "Simu imesema. Nani kahakiki?" Wiki ya pili Elia alirudi na jambo zito zaidi. Alithibitisha ubaoni kwamba kigawo chochote cha Namba ile, kama kingekuwepo, kikigawanywa kwa sitini na mbili lazima kibakize moja, kwa hiyo katika vile vigawo 4,792 vya kweli kujaribiwa havifiki hata mia mbili. Madam alifuatilia kila mstari, akakubali, akamtengea Elia chai na andazi. Kisha akamuuliza, "Na watakaochelewa kuanzia kesho, baba, utawapa nini?" Kazi ikaendelea.

Hapa ndipo mwandishi anaomba radhi kwa kamati na kuiacha nafsi ya tatu, kwa sababu kinachofuata nilikifanya mimi.

Naitwa Nassir. Kabla sijawa mwalimu Reli Juu nilikuwa mwanafunzi Reli Juu, na mwaka 2008 nilikuwa kidato cha tatu. Hesabu sikuiweza, lakini nilikuwa na mwandiko mzuri na uso wa mtu mwaminifu. Kati ya Machi na mwanzo wa Juni mwaka ule nilifungua biashara ya baki. Wa mwisho na wa kabla yake walinijia nyuma ya kibanda, mmoja na mhogo wa kukaanga, mwingine na kipande cha muwa, nami niliwapa wote wawili baki moja iliyofanana. Nilizibuni. Nilichagua tu namba ndogo kuliko kigawo, yenye sura ya kuaminika. Kigawo 15,401 nilikipa baki 8,888 kwa sababu ilinipendeza. Kaunta buku lilipokea baki peke yake, kazi yenyewe ilifutwa ubaoni, na utaratibu wa watu wawili uliokuwa kinga ya Madam mimi niliulisha pande zote mbili.

Najua mnajiuliza yeye alikuwa wapi. Muhula ule Bibi Devota alikuwa mgonjwa. Madam alikuwa akishuka Mikumi kila Ijumaa na kurudi Jumatatu alfajiri, macho mekundu, akawa anatia saini baki zilizoletwa. Mwanzoni mwa Juni mama yake alifariki. Shule ilitupakia kwenye lori tukaenda kuzika. Nilimwona Madam kaburini akiwa amekaa chini kwenye udongo, mikono magotini, nikafunga biashara siku ileile. Baki za uongo zilikuwa hamsini na tatu. Sikumwambia. Nikamaliza shule, nikaenda chuo, nikaajiriwa, nikapangiwa Reli Juu, na kwa miaka minane nikawa nakunywa naye chai kila siku saa nne nikiwa na hamsini na tatu zangu tumboni.

Ningekufa nazo, sema kamati ikaniteua kuandika wasifu. Nilikaa mezani, nikaandika: "Alihakiki vigawo vyote 4,792." Kalamu ikagoma. Mtu ambaye hakuruhusu neno "takriban" katika maisha yake mwenyewe, mimi nimwandikie uongo wa hamsini na tatu nao usomwe mbele ya ndugu zake?

Jumatatu ya tarehe 5 Mei niliamua kusema. Nilimwendea stafu, chumba cha walimu, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikaondoka. Nilirudi na shikamoo ya pili. Kufikia saa nne nilikuwa nimemwamkia mara nne, mpaka akaweka kalamu chini na kuniuliza, "Nassir, unaumwa?" Ndipo nikasema yote, mbele ya walimu na birika la chai.

Hakupandisha sauti. Aliuliza ni baki ngapi. Nikajibu hamsini na tatu. "Nani kahakiki kwamba ni hamsini na tatu?" Akashusha kaunta buku la tatu kutoka kabatini, akanikalisha, nikaziwekea alama moja moja huku akihesabu kwa midomo. Zilikuwa hamsini na tatu. Akatazama zile saini zake, hamsini na tatu pia, na alichosema ni hiki tu: "Mimi ndiye niliyetia saini." Ningependa angenichapa. Kisha akapiga hesabu pembeni mwa gazeti. Vigawo vilivyokuwa bado ni tisa, vya uongo hamsini na tatu, vilivyo halali 4,730. "Kwenye wasifu andika 4,730," akasema. "Kama kitu hakijafanyika, hakijafanyika."

Nilimwahidi kuzirudia zote nyumbani wiki hiyohiyo. Alikataa. Kigawo hufanywa na wa mwisho getini, si na mtu kochini kwake. Zilikuwa zimebaki siku ishirini za masomo kabla hajastaafu, mgawanyo mmoja kwa siku, na kazi sitini na mbili. Hata mimi niliona haitoshi. Mwalimu Paulina, mkuu wetu wa shule, alijaribu kumshawishi alegeze kanuni, akashindwa.

Aliyeniokoa ni Mzee Mwinshehe. Alikuja stafu kofia mkononi, akasema yeye ndiye ameilinda kanuni hii kuliko mtu yeyote, na kanuni haisemi popote mtu anaruhusiwa kuwa wa mwisho mara ngapi. Mwalimu Nassir akiingia wa mwisho, akagawa, akatoka nje, akaingia tena, basi yeye ni wa mwisho tena, mradi geti halijafungwa. Na geti, akaongeza, linafungwa na yeye. Madam akasema hiyo ni halali.

Hivyo ndivyo mwalimu wa Kiswahili mwenye umri wa miaka thelathini na mitatu alivyokaa getini siku ishirini akigawa ubaoni mbele ya wanafunzi wake. Vipindi vyangu vilihamishiwa mchana. Mwanafunzi wa mwisho wa kila siku alifanya kimoja kati ya vile tisa, na vilipokwisha, akawa mhakiki wangu. Kimoja tu, 46,337, kigawo kikubwa kuliko vyote, kiliwekwa kando kwa ajili ya mgeni rasmi siku ya mwisho.

Siku ya kwanza nilitumia saa mbili kugawa mara moja, na nikakosa. Watoto ninaowafundisha ngeli na mashairi walikuwa dirishani wakipiga kelele: "Mwalimu, hujashusha nne!" Kulikuwa na binti mmoja wa kidato cha pili, Sikuzani, aliyegundua kwamba akichelewa atapata kunihakiki, akawa anajificha nyuma ya kibanda cha mama ntilie mpaka wenzake wote waingie. Hakunionea huruma hata mara moja. Aliniandikia "rudia" pembeni mwa ubao kwa kuiga mwandiko wangu mwenyewe, ninaowaandikia wao. Wiki ya kwanza ilipoisha nilikuwa nimetimiza sita. Ya pili, kumi na saba. Ya tatu, thelathini na nne. Nilitafuna chaki, niliota saba, mke wangu akaacha kunisemesha wakati wa kula kwa sababu nilikuwa nahesabu punje za wali. Jambo la ajabu, ambalo Mwalimu Elia amenikataza kulisema hadharani, ni kwamba nilianza kupenda.

Ijumaa ya tarehe 30 nilifika nikiwa na hamsini na mbili. Mgeni rasmi alipata dharura, hakuja, kwa hiyo vilibaki viwili: changu cha mwisho, kile cha 8,888, na 46,337. Sherehe ya wanafunzi ilifanyika, nyimbo zikaimbwa, mizigo ya Madam ikatangulizwa stendi. Kosta, basi dogo la kwenda Mikumi, ilikuwa inaondoka saa kumi. Mimi nilikuwa getini bado. Nilikuwa nimekosea mara mbili.

Saa tisa na nusu Madam alitoka, utumishi wake ukiwa umekwisha. Alisimama nyuma yangu akautazama ubao. Najua aliliona kosa langu, kwa sababu yeye huliona kabla chaki haijainuka. Hakulisema. Angelisema lingekuwa jibu lake, si langu. Aliniambia tu, "Taratibu, baba," akapanda bodaboda. Nilikuwa nimeamua moyoni kwamba wasifu utasema 4,790, na kwamba nitausoma mimi mwenyewe mbele ya ndugu zake na kueleza kwa nini. Saa kumi tulisikia honi ya Kosta ikipita. Nikafuta ubao, nikaanza upya, nikishusha tarakimu moja moja kama mtu anayeshuka ngazi na mtoto mgongoni. 139,437, baki 14,410. Sikuzani alitoka nyuma ya kibanda akainua karatasi yake. 14,410. Watoto walirukaruka, lakini mtu wa kutia saini hakuwepo.

Saa kumi na robo Mzee Mwinshehe alishika geti alifunge. Hapo tukamwona Madam anakuja kwa miguu kando ya reli, mkoba mkononi, viatu vyeupe kwa vumbi. Alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya Kosta, akautoa, akamwambia kondakta aondoke. Kwa maelezo yake, asingeweza kukaa saa zote zile za barabarani bila kujua baki ni ngapi. Akaingia, akasimama ndani ya uwanja, na hakuna mtu aliyekuwa nyuma yake.

Mzee Mwinshehe alivua kofia, akaivaa tena. Sauti yake ilikuwa haifiki hata ng'ambo ya uwanja. "Wa mwisho," akasema, "ni Madam."

Tulimwangalia sote. Mtu ambaye hajawahi kuchelewa tangu Julai 1990 alimtazama mlinzi, akautazama ubao, akaanza kucheka mpaka akashika nguzo. "Kweli nimechelewa," akasema, akaweka mkoba chini, akanyoosha mkono apewe chaki. Aligawa Namba kwa 46,337 kwa dakika kumi na moja, tarakimu zimejipanga kama wanafunzi wa bweni: 46,344, baki 41,719. Wa kabla yake kuingia nilikuwa mimi, kwa hiyo mhakiki nilikuwa mimi. Ilinichukua dakika hamsini. Hakuna aliyeondoka. Wapishi walitoka jikoni, Mwalimu Paulina aliketi juu ya ndoo. Nilipogeuza karatasi yangu ilikuwa na 41,719, na Madam alikuwa analia waziwazi, na mimi pia, na Mzee Mwinshehe akajifanya anatafuta funguo.

Alifungua kaunta buku, akatia saini pembeni mwa ile 14,410 yangu. Alipofika mstari wa mwisho aliandika neno lake, kisha akanisogezea kalamu na mimi nitie saini chini yake.

Kwa hiyo, wazee wetu wa Mikumi, kamati na wageni wote, naandika bila takriban: kati ya mwezi Januari 1998 na tarehe 30 Mei 2025, katika geti la Shule ya Sekondari Reli Juu, Kilosa, Mwalimu Hildegarda Mkude alisimamia migawanyo 4,792, na hakuna hata mmoja ulioishia na sifuri. 2,147,483,647 ni namba tasa. Vitabu vilijua zamani. Sasa na sisi tunajua.

Madam, tunakushukuru kwa hesabu uliyotufundisha, na mimi nakushukuru kwa kuniacha nikosee mpaka nipate. Tunakuombea afya, mvua zinazonyesha kwa wakati, na majirani wakweli. Walimu wote tunakupenda, na hilo limehesabiwa: tupo kumi na tisa. Jumatatu asubuhi mtu atakuwa wa mwisho kupita geti kama siku zote, Mzee Mwinshehe atamtaja kwa jina, na kwa mara ya kwanza hatutakuwa na cha kumpa. Kaa salama Mikumi, mama yetu. Tutaanza kukukumbuka saa moja na nusu kamili.